Viazi Vyetu, Kazi ya Nani?

(Mazungumzo na vijana wa Bahati baada ya swala ya alasiri, yamepangwa upya kidogo kwa ajili ya wasomaji wa jarida)



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume wake, ndugu zangu vijana, dada zangu, na nyinyi wazee wetu mliokubali kukaa nyuma ili vijana wakae mbele, nawashukuru sana. Najua ni saa kumi, saumu imeanza kukaza, na mtu mwenye njaa hapendi kuhadithiwa chakula. Lakini mimi leo nimekuja kuzungumza habari ya viazi. Mtanisamehe. Na wewe ndugu msomaji uliyepata jarida hili nyumbani, soma mpaka mwisho kabla mama hajakuita jikoni kumenya vya katlesi.

Mnakumbuka Januari 2022? Maduka ya KFC hapa Kenya yaliishiwa na chipsi. Wakaambia wateja, chukueni kitu kingine badala ya chipsi, mzigo umechelewa baharini. Wakenya wakapandwa na hasira kwenye mitandao, ati nchi imejaa viazi halafu chipsi zinangojwa bandarini! Kampuni ikajibu kwamba viazi vyake lazima vipite ukaguzi wa viwango inavyotumia dunia nzima, na wakulima wa hapa walikuwa hawajaingizwa katika mpango huo. Baadaye ikasema itatafuta wauzaji wa humu nchini.

Mimi pia nilikasirika siku hiyo. Sisi tunaishi katikati ya viazi. Dundori ni hapa, na ukivuka kidogo uko Ol Kalou, Nyandarua, kaunti inayotajwa mbele ya zote kwa zao hili. Viazi ni chakula cha pili Kenya baada ya mahindi. Sasa inakuwaje?

Hasira ilipopoa nikajiuliza swali lingine. Tuseme siku ile bwana mnunuzi angepiga simu hapa Bahati, aseme, nataka viazi vya aina moja, saizi moja, vimeoshwa, kila Jumatatu, mwaka mzima. Nani angepokea simu hiyo? Mkulima mmoja mmoja hawezi, kwa sababu ana ekari moja na anavuna mara mbili kwa mwaka. Broka hataki, yeye anataka gunia lijazwe mpaka lifure. Chuo hakijui kama kuna simu. Na kijana amekaa kwenye boda boda pale Maili Kumi anangojea abiria. Viazi viko na watu wako, ila hakuna anayewaunganisha.

Nitawapa kisa changu mwenyewe, na si kisa cha kujisifu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa vijana saba. Tukasema tutengeneze krispi, tuweke kwa pakiti, tuuze madukani. Kila mmoja akatoa shilingi 12,000, jumla 84,000. Mmoja wetu hakuwa na hata senti, mama yake akauza ndama. Mimi nilikuwa katibu. Tukanunua mashine ya kukatia, jiko la gesi, sufuria kubwa, mafuta, na pakiti zenye jina letu. Jina tulilijadili wiki mbili nzima! Viazi hatukuvijadili hata dakika tano. Tulinunua Shangi, kwa sababu Shangi ndiyo iliyokuwa sokoni na ilikuwa bei nafuu.

Krispi zikatoka nyeusi na kunywa mafuta kama sifongo. Tukapunguza moto, zikawa laini. Tukaongeza moto, zikaungua. Wenye maduka walichukua kwa mali kauli, wiki ya pili wakaturudishia. Supamaketi wakatuuliza, alama ya ubora ya KEBS iko wapi? Tukatazamana. Mwezi wa tatu tulikuwa tumekwisha. Mmoja akaenda Ghuba kufanya kazi ya ulinzi, mwingine akarudi kwa mjengo, na urafiki wetu ukaingia ufa.

Nilikuja kujua baadaye, tena kwa bahati tu, nikiwa safarini na mzee mmoja mkulima. Akanicheka. Akasema, kijana, krispi inataka kiazi kikavu chenye sukari kidogo, kama Dutch Robijn, ndicho watu wa viwanda wanatafuta. Shangi ni kiazi kizuri cha nyumbani na cha chipsi za kibandani, kinaiva haraka na kinazaa sana, lakini hakina subira, hata ghalani kinachipua mapema. Mzee yule anaishi mwendo wa nusu saa kutoka pale tulipokuwa tunaunguza mafuta. Egerton iko Njoro, ina walimu wa kilimo na wa vyakula. Shirika la ADC kule Molo linazalisha mbegu za viazi zilizothibitishwa. Hatukumuuliza hata mtu mmoja. Tulikuwa saba, lakini wote tulijua mambo yale yale na yote tusiyoyajua yalikuwa yale yale.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Tukisikia ushirikiano, sisi huwa tunafikiria marafiki. Watu wa rika moja, mtaa mmoja, mara nyingi kabila moja, wanaungana, wanachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wanachapisha fulana. Huo ni urafiki, na una raha yake. Ushirikiano wa kuleta kazi unaunganisha watu wasiofanana: mwenye shamba, mwenye ufundi, mwenye elimu, mwenye gari, na mwenye kununua. Tena mwenye kununua aitwe wa kwanza. Sisi tulimtafuta mwisho.

Msidhani hili ni jambo geni lililoletwa na semina za hotelini. Mji huu wa Nakuru umejengwa nalo. Ule mzunguko wa barabara tunaouita KFA, mnajua jina limetoka wapi? Kenya Farmers' Association, chama cha walowezi, kilianza 1923, na makao yake yakawa hapa Nakuru. Miaka miwili baadaye, 1925, wenye ng'ombe wakaanzisha KCC kule Naivasha. Mlowezi alikuwa na bunduki, alikuwa na serikali, alikuwa na ardhi aliyoipora, na bado aliona peke yake hatauza maziwa. Akaungana na jirani yake. Waafrika walikaa mpaka miaka ya 1940 ndipo sheria ikawafungulia mlango wa kuunda vyama vyao kwa wingi. Mtu anayekuzuia jambo kwa miaka mingi namna hiyo, jua anajua faida yake.

Halafu kuna pareto. Wazee hapa wanalikumbuka lile ua jeupe. Kenya iliongoza dunia nzima kwa pareto, na ofisi kuu ya bodi yake ilikuwa hapa hapa mjini. Kuingia miaka ya 2000, wakulima wakawa wanapeleka maua na kungoja malipo miezi na miezi. Wakang'oa, wakapanda viazi na mahindi. Wakati huo, mbali kabisa, katika kisiwa cha Tasmania huko Australia, chuo kikuu kilikuwa kimefanya utafiti wa mbegu, kampuni ikajenga kiwanda, na wakulima wakapewa mikataba. Wakavumbua namna ya kuvuna kwa mashine ua ambalo sisi tulilichuma kwa vidole. Leo Tasmania ndiyo inayoongoza. Udongo wetu haukuharibika, na mvua ya nyanda za juu bado inanyesha. Wenzetu waliwaweka mtafiti, mwenye kiwanda na mkulima meza moja, na kila mmoja alilipwa. Kwetu mnyororo ulikatika pale pa kulipana. Sasa Kenya inajaribu kulifufua zao hili, Nakuru ikiwemo, na kijana anayetaka kuingia humo aulize swali moja kabla ya kupanda hata mche: nitalipwa na nani, na siku gani?

Tuje karibu zaidi. Mlima huu unaotuangalia, Menengai. Kampuni ya serikali ya mvuke, GDC, ilianza kuchimba visima kwenye kreta 2011, na 2023 mtambo wa kwanza wa megawati 35 ukaanza kutoa umeme. Hayo mmeyasikia. Jambo ambalo wengi hawajui ni kwamba kwa miaka sasa GDC imekuwa ikionyesha kazi nyingine za joto lile lile. Kuna nyumba ya kukuzia mimea inayopashwa moto, mabwawa ya samaki, mtambo wa kuchemshia maziwa, dobi, na mashine ya kukaushia nafaka. Hebu fikiria hiyo ya nafaka. Sisi tunavuna mahindi mvua ikiwa bado inanyesha, tunayaanika kwenye turubai, jioni tunayakusanya mbio mbio, yanapata ukungu, sumu ya aflatoksini inaingia, mnunuzi anayakataa. Na upande wa pili wa ukingo wa kreta kuna joto la bure kutoka ardhini.

Lakini maonyesho ni maonyesho tu. Hayawi ajira mpaka atokee mtu wa kusema, mimi nina vijana ishirini, tuna mahindi ya wakulima mia moja, mtatukaushia kwa shilingi ngapi kwa gunia? Swali hilo halihitaji digrii. Linahitaji mtu aliyekwisha kuzungumza na hao wakulima mia moja.

Kuhusu masomo nitasema kwa ufupi, kwa sababu mmechoka kuambiwa someni. Wako mafundi humu wanaochomelea chuma miaka kumi, mikono yao ni darasa tosha, lakini hawana karatasi. Tajiri akija na kazi kubwa anamchukua mwenye karatasi. Sasa NITA wana mitihani ya daraja, la tatu, la pili na la kwanza, na fundi wa jua kali aliyejifunzia kazini anaruhusiwa kuufanya. Na chuo cha ufundi kilicho jirani nawe kina mashine ambazo fundi wa mtaani hana, wakati fundi wa mtaani ana wateja ambao chuo hakina. Mmoja wenu aende akamuulize mwalimu wa hapo: wanafunzi wako wanatengeneza nini kwa mtihani? Kama ni meza ambayo hakuna atakayeinunua, si wangetengeneza mashine ya kuoshea viazi?

Mtaji. Najua swali lenu, mtaji utatoka wapi. Wengi wetu tunakimbia mikopo kwa sababu ya riba, na ni haki yetu kuikimbia. Hazina ya Uwezo ilianzishwa 2013 bila riba, inatoa kwa vikundi vilivyosajiliwa, na inakata ada ya usimamizi ya asilimia 3. Kuhusu ada hiyo waulizeni masheikh, mimi si mufti. Zabuni za serikali nazo, asilimia 30 zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kujiandikisha hakuhitaji rushwa, kunahitaji usumbufu tu. Lakini kabla ya kwenda mbali, tunayo mudharaba. Mwenye mali anatoa mali, mwenye nguvu anatoa kazi na akili, faida wanagawana kwa kiwango walichokubaliana tangu mwanzo, na hasara ya mali inamwangukia mwenye mali, isipokuwa yule mwenye kazi akifanya uzembe. Hapa Nakuru wako wenye maduka na magari wenye pesa zilizolala. Hawatupi kwa sababu hawatuamini, na hawatuamini kwa sababu hatuandiki.

Sisi saba hatukuandika. Mambo yalipoharibika, huyu akasema ile ilikuwa hisa, yule akasema ulikuwa mkopo. Mama wa ndama hakusema neno. Nikijipima kwa kanuni ile ya mudharaba naona uzembe ulikuwa wetu, wangu zaidi kama katibu, kwa hivyo nilichukua lile deni la 12,000 nikawa nalilipa kidogo kidogo. Nimefikia 9,000. Nasema hivi mbele yenu ili msije mkadhani anayezungumza nanyi ni mtaalamu.

Kuna jingine zito kidogo. Sisi Waislamu hapa Bahati ni wachache. Jirani zetu wengi ni Wakristo, Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wakisii, kila mtu yuko. Kikundi cha Waislamu peke yao kitakuwa na tende nyingi wakati wa futari, na viazi hakitakuwa navyo, kwa sababu mashamba mengi si yetu. Na sisi watu wa Nakuru hatuhitaji kuhadithiwa kitu gani kinatokea watu wasipokuwa na kazi ya pamoja. Januari 2008 tuliiona kwa macho. Waliokuwa wakinunua na kuuziana jana walivushana barabara na marungu. Sisemi kwamba biashara ya viazi ingezuia yale, siasa ilikuwa kubwa kuliko sisi. Ninachosema ni kwamba mtu ambaye mzigo wako uko ghalani kwake, na mzigo wake uko kwenye gari lako, mtatafutana kwanza kwa simu.

Vile vile mpaka wa kaunti usitutishe. Kiazi hakijui kama kimezaliwa Nakuru au Nyandarua. Magavana wa kaunti za Mlima Kenya na Aberdare wana jumuiya yao ya uchumi, na Nakuru imo. Wao wanakutana hotelini. Sisi tunaweza kukutana sokoni, na pengine tukamaliza mapema.

Na mizani, jamani. Mwaka 2019 zilitoka kanuni za zao la viazi, gunia lisizidi kilo 50. Lakini lumbesa bado iko barabarani, unaiona, gunia limevikwa kofia ya gunia lingine. Mkulima anauza kilo mia na kitu kwa bei ya gunia moja. Kijana wetu anayekwenda kuwa broka ajue anaingia wapi. Juu ya kupunja vipimo sina la kuwahubiria, mnaijua sura yake. Nitasema la biashara tu: kikundi kitakachokwenda shambani na mizani ya kweli, kikamlipa mkulima kwa kilo, mwaka mmoja tu kitakuwa na wakulima kuliko kinavyoweza kuwahudumia.

Wiki mbili kabla ya Ramadhan nilikwenda Bondeni, kwa bwana mmoja mwenye kibanda cha chipsi na bhajia. Safari hii nilianza na mnunuzi. Nilimuuliza, ukipata vijana wa kukuletea viazi, unataka nini? Nilidhani atasema bei. Akasema anataka viazi vinavyolingana ukubwa, kwa sababu vidogo vinampotezea muda wa kumenya na vikubwa vinaiva nje na kubaki vibichi ndani. Anataka visiwe na macho. Anataka vifike kabla ya saa tatu asubuhi. Na kama vingekuja vimeshamenywa, ndani ya maji safi, angeongeza pesa, kwa sababu kijana wake wa kumenya anachelewa kila siku na anakata nusu ya kiazi pamoja na ganda. Katika mwezi huu, akasema, anatumia viazi kuliko miezi yote, na hajawahi kumwona kijana hata mmoja aliyekuja kumuuliza swali kama hilo. Hakutaja mashine. Hakutaja pakiti yenye jina.

Kumenya viazi! Wengine mmecheka. Lakini tazama kazi zilizomo: mtu wa kuchagua saizi, wa kuosha, wa kumenya, wa kupima, wa kupeleka na boda boda, wa kuandika hesabu, na fundi wa kutengeneza ungo wa kuchagulia. Maganda yanakwenda kwa mwenye ng'ombe. Na kwa hayo yote, utahitaji kwanza kwenda afya ya umma ukapate kibali na vyeti vya afya vya hao wanaoshika chakula. Tuanze na hilo, tusirudie ya KEBS.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Jumamosi ya pili baada ya Idd, inshallah, saa nne asubuhi, hapa hapa, tutaweka viti. Nimekwisha kuzungumza na yule mzee mkulima aliyenicheka, amekubali. Mwenye kibanda wa Bondeni atamtuma nduguye, maana yeye hawezi kuacha jiko. Mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi amesema atakuja akipata ruhusa. Bado natafuta mwenye pikapu, na fundi wa chuma wawili. Kina dada, msibaki nyumbani mkidhani ni kikao cha wanaume. Katika ile hesabu yetu ya saba hapakuwa na mwanamke hata mmoja, na nadhani mmeona matokeo. Jirani yako asiye Mwislamu mlete. Hakutakuwa na uchaguzi wa mwenyekiti siku hiyo. Kila mtu aje na daftari na kitu kimoja anachokijua vizuri.

Mama wa ndama nimemwalika pia. Nilikwenda kwake juzi kumpelekea elfu moja katika zile zilizobaki, akaipokea, akaifunga kwenye leso. Akaniuliza, mara hii mmeshamuuliza mwenye kununua? Nikamwambia ndiyo. Akasema atakuja, na maswali anayo mengine.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.